Oili Kwenye Theluji ya Maruwe

Jirani yetu Eliufoo anasema aliona kila kitu. Anasema alikuwa kwenye jiwe la mpaka, upande wetu wa Maruwe, jua limeshatoka na hakuna ukungu wa kumziba macho, akamwona Ndelilio wa Kisholi anakuja kwa mbio na kitelezi, ile pikipiki ya kuendea theluji, anavuka mpaka, anasimama katikati ya theluji yetu. Akashuka. Akatoa chupa. Akamimina kitu cheusi juu ya theluji, taratibu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Halafu, anasema Eliufoo, yule binti akacheka.

Hapo kwenye kucheka ndipo nilipoanza kutomwamini. Juu ya Kibo kila mtu amejifunga skafu hadi chini ya macho. Ukitaka kujua kama mwenzako anacheka, sharti umuulize. Lakini Eliufoo alikuwa ameshaisimulia habari hiyo kwenye gari la kamba na kwenye foleni ya chai, na kila aliposimulia, kicheko kilirefuka.

Doa lenyewe halikuwa hadithi. Nilipanda nikaliona. Siku lilipotokea lilikuwa na upana wa sinia. Nilipolifikia mimi, kesho yake, lilikuwa limeenea kama sakafu ya chumba, na kingo zake zimelegea, zina rangi ya maji yaliyooshea mchele.

Theluji yetu haianguki yenyewe kama ile ya zamani ambayo mababu waliikuta na wajukuu wakaiona ikiisha. Hii inapandwa. Asubuhi vitelezi vinapita juu ya mwamba vikimwaga mbegu, unga mweupe ulio hai. Adhuhuri wingu linapanda kutoka msituni, linakutana na mbegu, na mbegu inalishika wingu na kuligeuza barafu hata siku ya joto. Barafu hiyo ikiyeyuka polepole ndiyo maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka hadi kijijini, na mfongo ndio migomba, ndio kahawa, ndio ng'ombe zizini. Oili ikiigusa mbegu, mbegu inakufa. Na mbegu iliyokufa inaua ya jirani yake, kama mnyauko unavyotoka shina moja la mgomba kwenda jingine, mpaka mtu achukue jembe akachimbe pande zote.

Ila hakuna anayeruhusiwa kuchimba kabla fundi hajasema. Na fundi ni mimi.

Banda langu liko mpakani. Lina milango miwili, mmoja unatazama Kisholi na mwingine Maruwe, na chakula changu kinatoka pande zote mbili, wiki hii ndizi za huku, wiki ijayo ndizi za kule, ili tumbo langu lisiwe na upande. Mimi nimezaliwa Maruwe. Mama yangu anateka maji ya mfongo wa Maruwe. Watu wa Kisholi wanalijua hilo na walinikubali hivyo hivyo.

Maagano ya Mifongo ni mafupi, kila mtoto anayajua. Doa likitokana na ugonjwa wa mashine, hasara ni ya vijiji vyote viwili: kila mfongo unapunguziwa maji sawasawa mpaka theluji ipone. Likitokana na mkono wa mtu, nyumba ya mtu huyo inafungiwa mfongo. Maagano hayaulizi kama mkono ulikusudia, na aliyeharibu mashine anahukumiwa hata kama bado haijavuja. Nimewahi kuiona nyumba iliyofungiwa. Migomba ilisimama imekunja majani kama watu waliojikunyata kwenye msiba, na majirani walipita njiani na ndoo zao wakitazama upande wa pili, kwa sababu hata kumpa mtu huyo kikombe ni kosa.

*

Kitelezi kiliburutwa hadi bandani kwa kamba. Wenyewe walikuja nacho: Ndelilio, ambaye wenzake wanamwita Lilio, na nyuma yake Eliufoo, aliyejiteua kuwa shahidi, mlinzi na hakimu.

"Mwanangu Aisia, hiyo yote ya nini?" aliniuliza aliponiona natandika magunia chini. "Mimi nimeshakueleza. Alimwaga."

"Nimekusikia, mzee. Sasa nakisikiliza na hiki."

"Kitelezi hakina mdomo."

"Kina midomo mingi, ndiyo shida yake. Sijui oili imetokea upi."

Lilio alikaa kwenye kreti la mbegu karibu na mlango wa kwao, mikono katikati ya magoti, na kwenye kidole chake cha kati niliona kishongu, kile kipete cha ngozi ya mbuzi wa tambiko ambacho mzazi humvisha mtoto anayekwenda penye hatari. Manyoya yake meupe yalikuwa bado mabichi. Tambiko halikuwa la zamani.

"Nieleze mwenyewe," nilimwambia.

"Nilisikia harufu," alisema. "Kama kuna mtu anaunguza sufuria. Nikageuka nyuma, moshi wa bluu. Nguvu ikapungua. Nikasema nikimbilie kwako, na njia fupi inapita kwao, dada, si unajua? Kila mtu anapita pale. Katikati nikatazama chini nikaona matone. Nikazima palepale. Sikuwa na kitu cha kukingia. Nikachukua chupa yangu ya chai, nikaimwaga chai, nikaiweka chini ya injini."

"Chupa iko wapi?"

Aliitoa ndani ya koti. Niliifungua nikamimina kidogo kwenye kifuniko. Oili nyeusi, na ndani yake majani ya chai.

Eliufoo alinyoosha shingo. "Anaweza kuwa ameyatia baadaye."

"Na kile kicheko?" nilimuuliza Lilio.

"Kicheko gani? Nilikuwa nalia."

Eliufoo alikuna kidevu kupitia skafu.

"Kwa mbali," alisema, "vinafanana."

*

Kuvuja ni neno la mtu asiyekwenda karibu. Oili haivuji tu. Inatoka mahali, kwa sababu fulani, na mahali unapoiona siyo mahali ilipotokea, kwa sababu upepo wa mwendo unaisukuma nyuma na kuipaka kila kitu. Ukiifuata kwa macho utabadilisha gasketi zote za injini nzima na bado itadondoka.

Kwanza nilichomoa kijiti cha oili. Haikuwa imezidi, ilikuwa imepungua. Kwa hiyo si mtu aliyejaza kupita alama. Nikaosha injini yote kwa maji ya moto na sabuni, nikaifuta, nikaipuliza mpaka ikakauka. Kisha nikachukua unga wa sembe, nikaupulizia kila mahali, kwenye maungio, kwenye bolti, kwenye mipira, mpaka injini ikawa nyeupe kama mtoto aliyepakwa poda.

"Sasa unaipikia ugali," alisema Eliufoo.

"Washa," nilimwambia Lilio.

Kilikohoa, kikawaka. Vitelezi vyetu vinakunywa pombe ya ndizi iliyotoneshwa kama gongo mpaka ikawa kali, na kikianza kunguruma banda zima linanuka harusi. Nilichuchumaa na tochi. Unga kwenye kifuniko cha juu ulibaki mkavu. Kwenye gasketi ya chini, mkavu. Nikamwambia Lilio aongeze moto. Nikangoja. Kazi hii sehemu kubwa ni kungoja huku umenyamaza. Halafu, pale mpira wa hewa unapotoka kwenye tabo, unga ukaanza kuwa kijivu. Ukalowa. Tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka.

"Zima."

"Ni tabo?" Lilio aliuliza.

"Inatokea kwenye tabo. Sijasema ni tabo."

Huku juu hewa ni nyembamba. Injini ya kawaida ikifika hapa inahema kama mgeni. Ndiyo maana kila kitelezi kina tabo: feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja, moshi unaotoka unazungusha ya kwanza, na ya pili inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Mhimili huo unazunguka mpaka macho hayaoni kitu, na unaogelea kwenye oili. Oili inaingia juu kwa msukumo, inatoka chini kwa uzito wake yenyewe, inarudi kwenye tumbo la injini. Sili, zile pete zilizoko pembeni ya mhimili, siyo vizibo vya chupa. Zinazuia oili ambayo ina pa kwenda. Ikikosa pa kwenda, itapita tu.

Nilifungua mpira, nikaingiza vidole, nikautikisa mhimili. Mhimili uliochakaa unacheza, na feni zake zinakuwa na mikwaruzo zilipogusa ukuta. Huu haukucheza. Feni zilikuwa safi kama vijiko vya wageni. Nikafungua bomba la chini linalorudisha oili, nikalipuliza kwa mdomo. Lilikuwa wazi. Ladha ya oili ilinikaa kwenye meno mpaka jioni.

Basi tabo haina ubaya, njia ya kurudi haina ubaya, na bado oili haishuki. Maji yakikataa kushuka kwenye mfereji ulio wazi, unauliza huko chini kuna nini kinachoyarudisha.

Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikachukua mfuko wa nailoni uliokuwa na sukari, nikaufunga kwenye mdomo ule kwa uzi.

"Washa tena."

Mfuko ulijikunjua. Ukajaa. Ukasimama ukakaza kama tumbo la mbuzi aliyekula majani mabichi, kisha uzi ukateleza, mfuko ukaruka ukampiga Eliufoo kifuani.

"Yesu na Maria! Hiyo ni nini?"

"Gesi," nilisema. "Kila injini inajaza gesi tumboni kidogo kidogo, inapenya pembeni ya pistoni. Kuna mpira wa kupumulia unaoitoa nje. Hii haipumui. Gesi inakaa tumboni, inaisukuma oili irudi juu, na oili inatafuta mlango kwenye tabo."

Lilio alisimama. "Kwa hiyo ni ugonjwa. Ni mashine!" Akanishika kiwiko. "Dada, sema basi ni mashine."

"Barafu inaweza kuziba mpira," nilisema. "Imeshawahi kutokea."

Eliufoo aliutazama ule mfuko chini, na niliona mabega yake yakishuka. Hakuwa mtu mbaya. Shamba lake ndilo la mwisho kwenye mfongo wetu, na maji yakipunguzwa, wa mwisho ndiye wa kwanza kukosa. Alikuwa amemwomba Mungu kosa liwe la mtu.

"Naenda kutazama wingu," alisema. "Limeshaacha msitu. Harakisha, fundi. Likitufunika, Sikio halifanyi kazi mpaka kesho, na doa halitatungoja."

Sikio ni kile kisanduku cha shaba kilichopigiliwa ukutani katikati ya milango miwili. Ukilibonyeza, taa ya njano inawaka, na neno unalosema linasikika wakati uleule kwenye kila banio la mfongo, kila soko, na ndani ya kofia ya kila mwendeshaji aliye juu ya theluji. Fundi hulibonyeza kwa ajili ya hukumu tu. Ukishasema, umesema.

*

Mpira wa kupumulia unatoka kwenye tumbo la injini, unapita chini ya kiti, unaishia nyuma. Niling'oa kiti. Nilitegemea kukuta barafu.

Nilikuta ngozi.

Ilikuwa imezungushwa kwenye mpira mara mbili na kupitishwa kwenye tundu lake yenyewe, kama inavyofanywa kidoleni. Ilifungwa mbichi. Ngozi mbichi ikikauka inajivuta, na kwenye baridi ya huku ilikuwa imekaza kama waya. Mpira ulikuwa umenyongwa mpaka pande zake mbili zimegusana. Manyoya yalikuwa meupe.

Sikunyanyua kichwa mara moja. Nilijifanya naendelea kutazama. Lakini mtu anayesubiri hukumu anasoma hata mgongo wako.

"Umeona nini?" Lilio aliuliza.

Alikuja mwenyewe, akainama pembeni yangu. Alitazama ule mpira. Kisha akatazama kidole chake. Akakifunika kwa mkono mwingine, haraka, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Sikujua," alinong'ona. "Dada Aisia, naapa sikujua."

"Najua hukujua."

Mlango wa Kisholi ukafunguliwa bila hodi. Mama yake alisimama pale na upepo nyuma yake, kanga mbili juu ya sweta, uso umevimba kwa baridi. Anaitwa Mama Kunda, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa amepanda na gari la kamba, na nilivyomwona anavyohema, alitoka kituoni akikimbia.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikwenda moja kwa moja pale kiti kilipokuwa. Hakuuliza kilichokuwa kimefunguliwa wala kwa nini. "Umeshakiona."

"Mama, umefanya nini?" Lilio alisema.

"Nilikubariki."

"Mimi ulinivisha changu! Hiki hapa!"

"Na wewe unapanda huku kwa miguu?" Mama Kunda alimgeukia kwa ukali. "Unaruka kama kunguru? Kaka yako alikuja huku na kishongu kidoleni, baba yako alimvisha kwa mkono wake, na kitelezi chake hakikuwa na kitu. Kidole kilirudi, Lilio. Kidole kilirudi na kishongu chake. Nikasema safari hii sitambariki mtu nikaiacha mashine."

Lilio aliketi chini kwenye magunia.

"Mashine haina kidole," mama yake aliendelea, sasa akiniambia mimi, kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyopika. "Kilikuwa kinanguruma pale uani. Nikakipapasa pote. Huku moto, huku baridi, huku kunatetemeka. Nilipofika kwenye ule mpira nikasikia, fuu, fuu, pumzi ya moto mkononi. Nikasema, hapa ndipo roho yake ilipo. Nikafunga hapo. Nilikosea, mwanangu?"

Kuna mafundi ambao ukiwauliza ule mpira ni wa nini watakuna kichwa. Yeye aliujua kwa kiganja. Alijua mashine inapumua pale, na akapafunga pale pumzi isipotee.

"Ngozi mbichi inajivuta, mama," nilisema tu.

"Inajivuta," alikubali. "Kidole kinaijua, kinaizoea. Sikufikiria mpira."

Nilichukua kisu cha kukatia mipira. Kisha nikakiweka chini. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu alipoingia, na lilikuwa nje, si ndani. Nje nilisikia vitelezi. Ni saa yao. Kila mwendeshaji anakimbia kumwaga mbegu ya mwisho kabla wingu halijafika. Vya Kisholi vina sauti nzito kidogo kuliko vyetu. Vilikuwa vingi, vimetawanyika kwenye mpaka wote, kuanzia kwenye mwamba mwekundu hadi huku kwangu.

"Mama Kunda," nilisema. "Umefunga vingapi?"

Aliinama akaokota ule mfuko wa nailoni sakafuni, akaukunja.

"Mama."

"Mbuzi alikuwa mkubwa," alisema. "Ngozi ilibaki. Akina mama waliniomba vipande wakafunge wenyewe, kila mmoja ana mtoto huku juu. Ningewanyima?"

Lilio aliweka mikono juu ya kichwa. "Wote? Mama, vyote?"

"Vyote vya Kisholi."

Niliisikia injini moja ikipita karibu, ikipanda, ikilia kwa nguvu. Nilijikuta naitegea sikio kusikia kama tabo yake imeanza kupiga mluzi. Ngozi ya kitelezi hiki ilikauka wiki hii. Za vingine zinakauka sasa. Kila kimoja kitatema oili mahali kitakapokuwa, na leo vyote viko mpakani, mguu mmoja kwao na mguu mmoja kwetu. Nikiondoka kwenda kuvisimamisha kimoja kimoja, wingu litanikuta njiani. Njia ya kuwafikia wote kwa mara moja ilikuwa ile ya ukutani.

Nikisema ukweli kwenye Sikio, watasimama. Watashuka, watakata zile ngozi, na theluji itabaki na doa moja tu. Lakini nitakuwa nimesema mkono wa mtu, mbele ya mifongo yote. Siyo nyumba moja itakayofungiwa. Ni kila nyumba ya Kisholi yenye mtoto mlimani, kwa sababu kila mama alishika mashine kwa mkono wake. Nilianza kuzipitia kichwani, kihamba kwa kihamba, kila ukoo na shamba lake la nyumbani, nyumba ambazo nimekula ndizi zao, na nikaacha.

Mama Kunda alikuwa ameshayafikiria hayo yote kwenye gari la kamba. Nililiona hilo alipofungua pindo la kanga.

Alitoa isale. Jani moja refu, la kijani, limefungwa fundo katikati, bado lina umande wa huko chini. Kwetu isale, jani la kuombea msamaha, halikataliwi. Anayekujia nalo, hata kama amekuulia mzazi, unalipokea. Bibi yangu alipokea moja kwa mtu aliyemchomea ghala, na akampikia chai palepale, huku analia kwa hasira.

Alipiga magoti. Mwanamke wa umri wa mama yangu, kwenye saruji baridi yenye oili, mbele ya binti mwenye spana. Lilio alitaka kumwinua, akasukumwa mkono.

"Sikuombi unisamehe mimi," alisema. "Mimi nifungie hata leo. Nakuomba useme ni ugonjwa. Sema ugonjwa wa mpira, uko kwenye vitelezi vyote, vya Maruwe na vyetu, vizimwe palepale na virudi. Watasimama, mwanangu. Hakuna kitakachovuja. Sisi usiku huu tutakata zile ngozi, kila mama ya kwake, na hakuna mtu atakayejua."

"Vya Maruwe havina ugonjwa," nilisema.

"Vitarudi salama, basi. Kuna ubaya gani?"

Ubaya aliujua. Vikizimwa vyote, wingu la leo litapita juu ya mwamba mtupu, pande zote mbili. Na doa litakuwa la ugonjwa, kwa hiyo nusu yake ni yetu. Mfongo wa Maruwe utapunguzwa, na mama yangu atabeba ndoo kwenda mbali kwa kosa ambalo halikugusa hata uzio wake. Eliufoo atakuwa wa kwanza kukosa. Watu walionipa ndizi kwa zamu ili nisiwe na upande watakunywa kidogo kwa sababu nilichagua upande, na hawatajua.

"Mama, inuka," nilimwomba.

"Nijibu kwanza."

Mlango wa Maruwe ulifunguka kwa kishindo. Eliufoo aliingia na ukungu mweupe miguuni mwake.

"Limefika kwenye jiwe la mpaka," alisema. "Dakika chache tu, fundi, tumekwisha." Ndipo alipomwona aliyepiga magoti, na alichoshika. Akavua kofia bila kujua amevua. Kila aliyezaliwa kwenye mlima huu angevua. Alitazama kitelezi, kiti kilichong'olewa, na mimi niliyesimama mbele ya ule mpira kwa makusudi, ili asiuone.

"Mama, unamwomba fundi nini?"

Lilio alikuwa akilia bila sauti, na safari hii Eliufoo alikuwa karibu vya kutosha kuona ni kilio. Alivaa kofia yake tena. Akavuka banda polepole, akiwazunguka kwa heshima kama watu wanaosali, akafika ukutani.

"Samahani sana, mama," alisema. "Wingu halingoji."

Akalibonyeza Sikio.

Taa ya njano ikawaka. Kuanzia hapo hakuna neno ambalo lingetamkwa ndani ya banda lile likabaki ndani. Mama Kunda alifunga mdomo. Aliliinua isale kwa mikono miwili, juu zaidi, mpaka likanigusa kwenye aproni.

"Fundi wa mpakani yuko tayari," Eliufoo alisema kwenye Sikio, kwa ile sauti anayoitumia kanisani. Kisha akanigeukia. "Sema, mwanangu. Ni mashine, au ni mtu?"

Nje, injini zilianza kupunguza sauti, moja, kisha nyingine, kisha zile za mbali, waendeshaji wote wakitega masikio ndani ya kofia zao, watoto wa kila mama, wa kwao na wa kwetu. Mlima ukanyamaza kunisikiliza. Ukungu uliingia kwa mlango wa Maruwe, ukapita chini ya kitelezi, ukayafikia magoti ya Mama Kunda.

Hakuinuka.